Kipimo cha damu kinapotabiri kifo, na kidonge kikashindwa kukizuia

Mwaka 1994 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Malawi walichapisha kwenye jarida la Lancet takwimu ambazo hata mtu aliyekimbia hesabu shuleni angezielewa. Waliwapima vitamini A wajawazito 338 wenye virusi vya UKIMWI, wakawagawa makundi manne kuanzia waliopungukiwa mno hadi waliokuwa nayo ya kutosha, kisha wakafuatilia ni watoto wangapi wangeambukizwa. Katika kundi la chini kabisa, karibu mtoto mmoja kati ya watatu alipata virusi. Katika kundi la juu ilikuwa asilimia 7 tu. Makundi mawili ya katikati yalikaa pale pale ambapo ungetarajia yakae: vitamini ikipanda, maambukizi yanashuka.

Jiweke kwenye nafasi ya daktari wa Blantyre au Dar es Salaam mwaka ule. AZT, dawa ya kupunguza makali ya VVU, ndiyo kwanza imeonyesha Marekani na Ufaransa kwamba inaweza kumkinga mtoto, lakini bei yake ni ya kwao, si ya kwetu. Vitamini A ni rahisi, inajulikana, iko kwenye ghala la kila mkoa. Na mbele yako kuna jedwali linalosema kwamba mama mwenye vitamini A ya kutosha haambukizi sana. Nani angesubiri?

Waliosubiri ndio waliotuokoa. Muhimbili, kwa kushirikiana na wenzao wa Harvard, walianza mwaka 1995 kuwaandikisha wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam, wakafika 1,078. Nyuma ya kazi hiyo walikuwa akina Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga. Kina mama waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine vitamini A pamoja na betakarotini (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A), wengine mchanganyiko wa vitamini B, C na E, wengine vyote viwili, na wengine kidonge tupu, kisicho na dawa ndani. Wote walipewa madini ya chuma na foliki kama kliniki ya wajawazito inavyotaka.

Matokeo ya maambukizi yalitoka mwaka 2002. Vitamini A haikuwakinga watoto. Iliwaongezea hatari: watoto wa kina mama waliopewa vitamini A waliambukizwa zaidi, kwa takriban asilimia 38, kuliko wale ambao mama zao hawakupewa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kina mama hao walikuwa wakitoa virusi vingi zaidi kwenye maziwa. Majaribio ya Afrika Kusini, na ya Malawi kwenyewe ambako habari ilianzia, hayakuona kinga yoyote dhidi ya maambukizi.

Yaani kipimo kilitabiri vizuri kabisa. Kikatibiwa kipimo, akaumia mtoto.

Nimekirudia kisa hiki kwa urefu kwa sababu ni cha kwetu, na kwa sababu kila mlipuko wa virusi unapoingia mjini hoja ile ile ya mwaka 1994 hurudi imevaa nguo mpya. Ilipoingia COVID-19 ilikuwa zinki, vitamini C na vitamini D. Wagonjwa mahututi wakipimwa, damu zao zinaonekana zimepungukiwa. Waliopona haraka wana viwango vizuri. Kwa hiyo, wanasema, meza. Mtu anayesema hivyo hajatunga uongo, kwa kuwa namba anazozitaja mara nyingi ni za kweli. Tatizo liko kwenye hilo neno dogo "kwa hiyo".

Vitamini A haielei yenyewe kwenye damu. Inabebwa na protini maalumu inayotengenezwa na ini. Mwili ukivamiwa na maradhi na kuingia kwenye mchochota, ile hali ya kuwaka moto kwa ndani kinga inapopambana, ini hubadilisha ratiba ya kazi: hutengeneza kwa wingi protini za vita na kupunguza zile za usafirishaji. Vitamini A kwenye damu inashuka hata kama ghala la ini limejaa. Zinki nayo huvutwa kutoka kwenye damu kwenda kwenye ini. Chuma hufungiwa ndani ya seli kwa amri ya homoni iitwayo hepsidini, pengine ili vijidudu visikipate. Ferritini, ambayo katika mtu mzima wa afya inaonyesha akiba ya chuma, hufanya kinyume na hao wote: hupanda. Wagonjwa mahututi wa COVID-19 walikuwa na ferritini ya juu sana, na madaktari waliitumia kama dalili kwamba hali inaelekea kubaya. Hakuna aliyewaambia ndugu wa mgonjwa kwamba mpendwa wao amezidiwa na chuma kwa sababu ya kula maini. Wote walielewa kwamba ferritini inatangaza moto. Ajabu ni kwamba vitamini D ikishuka katika moto ule ule, tunaisoma kama njaa.

Ushahidi mzuri kuliko wote juu ya jambo hili haukutoka wodi ya magonjwa ya kuambukiza, ulitoka chumba cha upasuaji. Wagonjwa 33 waliokuwa wakibadilishiwa goti walipimwa vitamini D kabla na baada ya operesheni. Ndani ya siku mbili kiwango kilikuwa kimeporomoka kwa karibu asilimia 40. Goti limekatwa, mwili umewaka, kipimo kimeanguka. Hakuna lishe inayobadilika kiasi hicho kwa siku mbili, na hakuna mtu anayeishiwa jua kwa kulazwa usiku mmoja.

Rudi sasa kwa wale kina mama wa Malawi. Mwenye virusi vingi na kinga iliyochakaa ndiye ambaye mwili wake unawaka zaidi, na ndiye ambaye damu yake ina vitamini A kidogo. Huyo huyo, kwa sababu ya wingi wa virusi, ndiye anayemwambukiza mtoto kwa urahisi. Vitu viwili vimetoka tumbo moja, vikaonekana kimoja kimemzaa mwenzake. Bendera ikishushwa nusu mlingoti tunajua kuna msiba. Kuipandisha hadi juu hakumrudishi marehemu.

Ni muhimu kusema upesi kwamba jaribio lile la Dar es Salaam halikusema vitamini ni upuuzi. Lilisema kitu kigumu zaidi. Kina mama waliopewa mchanganyiko wa B, C na E, kabla ARV hazijafika kwa watu wa kawaida, walichelewa kufikia hatua ya mwisho ya UKIMWI: asilimia 24.7 walifika huko au kufariki, ikilinganishwa na asilimia 31.1 ya waliopewa kidonge tupu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2004. Mimba zilizoharibika nazo zilipungua. Na walipochanganyiwa na vitamini A, ile faida ilipungua. Kumbuka pia kwamba hakuna mwanamke aliyechaguliwa kwa sababu damu yake ilikuwa pungufu. Waliandikishwa wote, bila kuulizwa kiwango.

Kisha ARV zikafika, na wapo waliofikiri kwamba kama dozi ya kawaida ilisaidia, dozi kubwa itasaidia zaidi. Wagonjwa 3,418 walioanza ARV Dar es Salaam waligawanywa, nusu dozi kubwa ya multivitamini na nusu dozi ya kawaida. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2009 kabla ya wakati wake. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuharibika kwa hali, ila vipimo vya ini vilianza kupanda kwa waliopewa dozi hiyo. Ini lile lile tulilokuwa tunalizungumzia.

Vitamini D ina kisa chake, nacho ni cha jiji hilo hilo, na karibu kinafanana neno kwa neno na cha Malawi. Mwaka 2012 ulitoka uchambuzi wa damu za watu wazima 1,103 waliokuwa wakianza ARV Dar es Salaam. Waliokuwa na upungufu wa vitamini D, chini ya nanogramu 20 kwa mililita, walikuwa na hatari ya kufa maradufu ukilinganisha na waliokuwa na zaidi ya 30. Maradufu, hata baada ya kuzingatia mambo mengine yanayoweza kuathiri vifo. Ukiwa na takwimu kama hiyo unaweza kuuza vidonge hadi uzeeni.

Watafiti hao hawakuuza vidonge. Walirudi kuomba fedha za jaribio. Kati ya 2014 na 2017 waliandikisha watu 4,000 wanaoanza ARV, wote wakiwa na vitamini D chini ya 30, nusu wakapewa vitamini D3 kwa dozi kubwa ya wiki nne za mwanzo kisha dozi ya kila siku, nusu wakapewa kidonge tupu. Mwaka 2020 majibu yalitoka: vifo havikupungua, wala kifua kikuu cha mapafu hakikupungua. Watu elfu nne, miaka kadhaa ya kazi, na jibu ni hapana. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi za heshima zaidi kuwahi kufanywa katika tiba hapa nchini, na ni nadra kusikia ikitajwa nje ya kuta za vyuo. "Hapana" haina mdhamini wa tangazo.

Ni mwaka huo huo wa 2020 ambapo dunia nzima iligundua vitamini D upya. Uingereza, ambako watu weusi na wenye asili ya Asia walikuwa wakifa kwa COVID-19 kuliko wazungu, ilitokea nadharia kwamba ngozi nyeusi chini ya jua dogo hutengeneza vitamini D kidogo, na hiyo ndiyo sababu. Nadharia ilisambaa haraka kwenye simu za ndugu zetu walioko huko, na naelewa kwa nini: inatoa kitu cha kufanya leo leo, dukani, kwa pauni chache. Walipoichunguza kwa kutumia UK Biobank, hazina ya damu za watu zilizochukuliwa kati ya 2006 na 2010, uhusiano kati ya vitamini D na kuambukizwa ulionekana mwanzoni, kisha ukayeyuka walipoingiza kwenye hesabu mambo kama unene, hali ya maisha na asili ya mtu. Miongoni mwa madereva wa mabasi na wauguzi wa London, weusi walikuwa wengi. Virusi viliwafuata kazini.

Halafu yakaja majaribio. Brazili, wagonjwa 240 waliolazwa kwa COVID-19 waligawanywa, nusu wakapewa yuniti 200,000 za vitamini D kwa mara moja. Kiwango kwenye damu kilipanda vizuri, kutoka wastani wa 21 hadi 44. Muda wa kukaa hospitali, kwa kipimo cha kati, ulikuwa siku 7 kwa waliopewa na siku 7 kwa wasiopewa. Namba ya maabara ilitii, ugonjwa haukutii. Uingereza walifanya jaribio ambalo ndilo hasa linalofanana na kile kinachouzwa mitaani kwetu: pima, ukipungukiwa, meza. Watu 6,200 waliingizwa; nusu walipimiwa na wenye upungufu wakapewa vidonge vya miezi sita, nusu wakaachwa waendelee na maisha yao. Maambukizi ya njia ya hewa hayakupungua, COVID-19 haikupungua.

Hapa kwetu ningependa kuongeza kitu kidogo, cha pembeni. Miaka kadhaa kabla ya janga, watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kimila, wakakuta wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita (sawa na nanogramu 46 hivi kwa mililita), kiwango ambacho Mzungu wa kawaida hakifikii hata majira ya joto. Jua lipo. Mkazi wa Dar es Salaam anayetoka nyumbani alfajiri, akakaa ofisini mpaka jioni na kurudi gizani, huyo ni suala lingine, na mifupa yake inaweza kuhitaji kuangaliwa. Lakini mifupa ni mifupa na virusi ni virusi.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nasema lishe haina uhusiano na ukali wa maradhi ya virusi. La. Upo uhusiano ambao umethibitishwa kiasi cha kutobishaniwa tena, na sehemu ya ushahidi wake imechimbwa Mvumi, mkoani Dodoma.

Mwaka 1987, Barclay, Foster na Sommer walichapisha matokeo ya watoto 180 waliolazwa kwa surua katika hospitali ya Mvumi. Asilimia 91 yao walikuwa na vitamini A ya chini mno kwenye damu. Lakini hawakuishia kwenye kutazama namba. Watoto 88 walipewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kwanza na tena siku ya pili. 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake. Walikufa 6 upande wa vitamini na 12 upande mwingine. Kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo peke yake ingeweza kuwa bahati. Ila kwa watoto chini ya miaka miwili alikufa mmoja upande wa vitamini na saba upande mwingine, na hapo ilikuwa vigumu kusema bahati. Miaka mitatu baadaye Cape Town, Hussey na Klein walirudia na watoto 189, safari hii kwa kulinganisha na kidonge tupu: kati ya vifo 12, kumi vilikuwa vya waliopewa kidonge tupu. London walikuwa wameshagusa jambo hili tangu 1932, pale Ellison alipowapa nusu ya watoto 600 wa surua mafuta ya ini la samaki na kuona vifo vikipungua zaidi ya nusu, kisha dunia ikalisahau kwa nusu karne.

Kwa nini surua na si COVID-19? Kwa sababu surua haipunguzi vitamini A kwenye damu kwa maonyesho tu. Inakula akiba yenyewe, kwa homa, kuharisha na kukosa hamu ya kula, tena inashambulia ngozi laini za ndani, za macho, koo, mapafu na utumbo, ambazo haziwezi kujijenga upya bila vitamini hiyo. Na inampata mtoto ambaye ghala lake lilikuwa karibu tupu tangu mwanzo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta takriban theluthi moja ya watoto wa Tanzania chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini A. Wazee waliokuwa wakisema surua inapofusha walikuwa wanaelezea hali hii, maana konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ikikosa vitamini A huyeyuka.

Sasa tazama kinachofanyika leo mtoto akifikishwa kituoni na surua. Hakuna anayempima vitamini A. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kumpa kila mtoto mwenye surua dozi mbili kwa siku mbili mfululizo: yuniti 200,000 kwa mwenye mwaka mmoja na zaidi, 100,000 kwa wa miezi sita hadi kumi na moja, 50,000 kwa aliye chini ya hapo. Basi. Kirutubishi kilichothibitika kuokoa maisha dhidi ya virusi ndicho ambacho hatuna haja ya kukipima. Na vile ambavyo tunashawishiwa kuvipima kila mwaka kwa fedha nyingi ni vile ambavyo kuvirekebisha hakujaonekana kumwokoa mgonjwa. Sidhani kama ni bahati mbaya. Jaribio likishathibitisha faida, dawa inakuwa ya bei rahisi na ya wote. Biashara inabaki pale ambapo bado kuna kipimo na shaka.

Hata vitamini A yenyewe ina mipaka, na mipaka hiyo ilionekana Texas mwaka 2025. Surua ilipozuka miongoni mwa watoto wasiochanjwa, wazazi walisikia sifa za vitamini A na mafuta ya ini la samaki, na wengine wakaanza kuwapa watoto nyumbani, siku nyingi mfululizo. Madaktari wa Lubbock walianza kupokea watoto wa surua wenye dalili za ini kuathirika kwa vitamini A iliyopitiliza. Chanjo ya surua-rubela, ile tunayowapa watoto wetu miezi tisa na miezi kumi na nane, ingewaepusha na yote mawili.

Kisa cha Keshan nchini China ni kifupi lakini ni cha ajabu. Ni wilaya ya kaskazini mashariki iliyotoa jina kwa ugonjwa wa moyo uliokuwa ukiua watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, kwenye ukanda ambao udongo wake una madini ya seleni kidogo mno. Katikati ya miaka ya 1970 Wachina waliwapa watoto vidonge vya seleni, na ugonjwa ukapungua sana. Ila seleni peke yake haikueleza kwa nini ugonjwa ulikuwa ukija kwa misimu. Virusi vya jamii ya koksaki vilishukiwa. Mwaka 1995 Melinda Beck na wenzake walichukua aina ya koksaki isiyodhuru, wakaipitisha kwa panya waliokosa seleni, na virusi vilivyotoka upande wa pili vilikuwa vimebadilika chembe zake za urithi na kuwa vikali. Kisha vikaanza kuharibu mioyo ya panya walioshiba seleni vizuri. Mwenyeji mwenye njaa alikuwa amewafundisha virusi ukatili. Ukishasoma hilo huwezi tena kuchukulia lishe kama jambo la mtu mmoja na sahani yake.

Hata hivyo, Dar es Salaam walipojaribu seleni kwa wajawazito 913 wenye VVU, baada ya kuona awali kwamba waliopungukiwa walikuwa wakizidiwa haraka, wingi wa virusi haukushuka na kinga haikupanda. Botswana seleni ikichanganywa na multivitamini ilileta nafuu kwa watu ambao hawajaanza ARV. Majibu ni tofauti kwa sababu virusi ni tofauti na watu ni tofauti, na hakuna jedwali la maabara linaloweza kukufupishia hilo.

Ili nisionekane napinga vipimo kwa kuwa ni vipimo, kuna Pemba. Si virusi, ni malaria, lakini ndipo mahali ambapo kipimo kingestahili heshima. Watoto 24,076 waliingia kwenye jaribio la madini ya chuma na foliki, na Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa baada ya kuonekana kwamba waliopewa chuma walikuwa wakilazwa na kufa zaidi. Kwenye kundi dogo lililopimwa damu, watoto waliokuwa wamepungukiwa chuma kweli na wana upungufu wa damu walinufaika. Chuma kiliwadhuru wale ambao hawakukihitaji. Hapo kupima kulikuwa na maana, ingawa watoto wa kundi lile dogo walikuwa pia wakipata matibabu ya malaria ya karibu zaidi, jambo ambalo nalo lilisaidia. Tofauti na ile biashara ya "pima umeze" ni kwamba Pemba kulikuwa na jaribio lililosema nani anufaike na nani adhurike.

Nikija kwenye soko letu. Mijini kwetu kuna "kipimo cha mwili mzima" ambapo unashika fimbo ya chuma kwa kiganja, waya umeunganishwa kwenye kompyuta ndogo, na baada ya dakika moja unachapiwa kurasa za viwango vya zinki, seleni, vitamini na kila kitu, nyingi zikiwa na rangi nyekundu. Hakuna tone la damu lililotoka. Hakuna namna ya kupima seleni kupitia ngozi ya kiganja. Na anayesoma majibu ndiye anayeuza makopo ya virutubisho yaliyopangwa nyuma yake. Wakati wa COVID-19 watu wa aina hii waliongeza sentensi moja tu: kwamba kinga yako iko chini, virusi vikikukuta hutapona. Mamlaka zetu zinafuatilia dawa bandia kwa bidii. Mashine hizi sijaona zikipewa bidii hiyo hiyo.

Maabara halisi, zile za damu kweli, zina tatizo la heshima zaidi. Zinapima sawasawa, zinatoa namba sahihi, lakini mara nyingi hazipimi mchochota pembeni. Mtu aliyetoka kwenye mafua makali juzi akipimwa zinki leo ataonekana amepungukiwa. Wataalamu wa tafiti za lishe za kitaifa walishaligundua hili. Mradi unaojulikana kama BRINDA umeweka njia za kusahihisha viwango vya vitamini A na chuma kwa kutumia protini zinazoonyesha mchochota, hasa CRP. Kama utafiti wa kitaifa unahitaji masahihisho hayo, mgonjwa mmoja aliyekaa kwenye benchi la maabara ya mtaa anayahitaji zaidi. CRP si kipimo cha ajabu, hospitali nyingi za mikoa zinacho. Karatasi ya zinki au vitamini D isiyo na CRP pembeni, kwa mtu aliyeugua hivi karibuni, ningeomba isitumike kuandikia dawa.

Kwa daktari wa wodi, namba hizi zibaki na kazi yake ya asili: kumwambia nani wa kuangaliwa zaidi usiku huu. Albumini (protini ya damu) iliyoshuka na ferritini iliyopaa zinamwambia muuguzi asogeze kitanda karibu na meza yake. Hiyo ni kazi kubwa, na haihitaji mtu auziwe kopo.

Na fedha? Kila mwaka, Juni na Desemba, matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano pamoja na dawa za minyoo kwa wenye mwaka mmoja na zaidi. Kituo cha kijijini hakihitaji mashine ya kupima retinoli, yaani vitamini A ya kwenye damu. Kinahitaji kopo la vidonge vya vitamini A liwepo siku mtoto wa surua anapoletwa mgongoni mwa mama yake, si kwamba liliisha Juni na litakuja Desemba. Ukiniuliza mimi ni kipimo gani cha kirutubishi ningependa kila mkurugenzi wa halmashauri aripoti kila mwezi, ni hicho: vidonge vya vitamini A vilivyobaki kabatini, kituo kwa kituo.